Betri ya haibridi haifi yote kwa siku moja

Na Mwandishi Maalumu, Kayonza

MAGARI ya haibridi, yaani yale yanayotumia injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, si kitu cha ajabu tena katika barabara za Rwanda. Aprili 2021 Baraza la Mawaziri lilipitisha mkakati wa kuhimiza usafiri wa umeme, na nafuu za kodi za miaka ile ziliwavuta watu wengi wa kipato cha kawaida, walimu wakiwemo, kununua haibridi zilizokwishatumika ng'ambo. Bajeti ya mwaka 2025/2026 ilirudisha kodi kwa magari hayo, ushuru ukipanda kadiri gari linavyozidi kuwa kuukuu. Hata hivyo, yaliyokwisha kuingia yapo, na umri wake unasonga.

Sasa yameanza kudai. Dereva anawasha gari asubuhi na kukuta pembetatu nyekundu kwenye dashibodi. Fundi anachomeka kifaa chake cha kusomea kompyuta ya gari, kinatoa namba P0A80, na hapo hapo hukumu inasomwa: betri kubwa imekufa, tafuta nyingine.

Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa bila ushahidi. Namba P0A80 haisemi kwamba betri yote imekufa. Inasema kwamba kompyuta imeona sehemu za betri zinatofautiana mno. Kati ya kauli hizo mbili kuna tofauti ya fedha nyingi, na mwenye kuijua tofauti hiyo ni yule tu aliyepima.

Nazungumza kama mhusika. Gari letu ni Toyota Prius ya mwaka 2008 iliyotoka Ulaya. Tulilinunua kwa mkopo, na ndilo linalompeleka mke wangu Kigali kuchukua vitambaa anavyouza hapa Kayonza. Julai 2024, likiwa limetembea kilomita 214,000, pembetatu iliwaka na petroli ikaanza kuliwa kuliko kawaida: kutoka lita 5 kwa kilomita 100 hadi karibu lita 7. Gareji moja ya Kigali ilitaka faranga milioni 3.2 kwa betri mpya, kiasi kinachozidi mshahara wangu wa miezi kumi. Nyingine ilitaka milioni 1.3 kwa betri "iliyokarabatiwa" yenye dhamana ya miezi mitatu. Nilipouliza imekarabatiwa vipi, na kila kipande kina uwezo gani, sikupata jibu. Mkopo wa gari ulikuwa bado una miezi 19.

Kwa kuwa nafundisha fizikia, na likizo ndefu ilikuwa imeanza, niliamua kuifungua betri hiyo nyumbani. Nilimwita kijana mmoja fundi wa magari hapa Kayonza, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Niliyoyaona ndiyo ninayotaka kumweleza msomaji, pamoja na hatari zake.

Kilichomo ndani ya sanduku

Watu wengi hudhani betri ya haibridi ni kitu kimoja kikubwa. Sivyo. Katika Prius ya kizazi cha pili, iliyouzwa kuanzia mwishoni mwa 2003 hadi 2009, sanduku la chuma nyuma ya kiti cha abiria lina vipande 28 vinavyoitwa moduli, vimepangwa kama mikate katika tanuri. Kila moduli ina uzito wa kilo moja na kidogo, na ndani yake mna seli 6 za volti 1.2. Kwa hiyo moduli moja ina volti 7.2, na zote 28 zikiunganishwa kwa mfuatano zinatoa volti 201.6. Prius ya kizazi cha tatu nayo ina moduli 28. Toyota Aqua, ambayo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaifahamu sana, ina moduli 20 na volti 144.

Betri hizi si za risasi na asidi kama ile ndogo ya kuwashia taa. Zimetengenezwa kwa nikeli na metali inayoshika haidrojeni, na maji yake ni ya alikali kali. Kila moduli ikiwa mpya inahifadhi ampea-saa 6.5. Kompyuta ya gari haiachi betri ijae wala iishe kabisa. Huiweka katikati, takribani kati ya asilimia 40 na 80, ndiyo maana inaweza kudumu miaka kumi au zaidi.

Kompyuta hiyo haisomi moduli moja moja. Inazisoma mbili mbili, hivyo inaona makundi 14. Kundi moja likishuka mno kuliko mengine gari linapopanda mlima, au likipanda mno wakati wa kuchajiwa, inawasha pembetatu. Makundi 13 yanaweza kuwa na nguvu, lakini taa itawaka tu.

Somo la betri za redio

Nilianza kuelewa jambo hili kabla sijajua neno fizikia. Nilisoma shule ya msingi Karagwe, Tanzania, tulipokuwa wakimbizi. Redio ya nyumbani ilikula betri nne, na fedha ya kununua zote nne kwa pamoja haikupatikana kila mara. Betri zikichoka ziliwekwa juani juu ya bati, zikapata nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari ya jioni. Siku ikipatikana fedha ya betri mbili mpya, tulizichanganya na mbili za zamani. Baada ya siku chache zile mpya nazo zilikuwa zimechoka, na wazee wakasema muuzaji amewapunja.

Mwalimu wetu wa sayansi ndiye aliyetueleza kwamba muuzaji hakuwa na kosa. Katika sakiti ya mfuatano, alisema, mkondo uleule hupita katika kila betri. Iliyo dhaifu ikiisha, haipumziki. Zenye nguvu zinaulazimisha mkondo kupita ndani yake, nayo inaharibika zaidi huku ikizichosha wenzake. Waswahili wamesema samaki mmoja akioza huoza wote, na katika betri jambo hilo si methali tu.

Ndivyo ilivyo ndani ya haibridi. Moduli moja yenye uwezo wa nusu huishiwa kabla ya wenzake kila gari linapopanda, na hujaa kabla ya wenzake kila linaposhuka. Inapata joto. Joto linaiua haraka zaidi, na moduli za jirani zinapata joto hilohilo. Nchi yetu ya milima elfu moja inawapa moduli hizo kazi hiyo mchana kutwa.

Umeme usiosamehe

Kabla ya kueleza kazi yenyewe, lazima niseme wazi: volti 200 za mkondo mnyoofu zinaua. Mkondo huo hukaza misuli, na aliyeshika anaweza kushindwa kuachia. Asiyejua kutumia mita ya umeme, au asiye na glovu za kazi hii, asifungue sanduku hilo. Asome tu ili ajue maswali ya kumuuliza fundi.

Glovu zinazofaa ni za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000, na juu yake huvaliwa glovu za ngozi ili zisitoboke. Za kuoshea vyombo au za kubebea saruji hazifai. Kila mara kabla ya kuvaa, glovu hujazwa hewa na kubanwa ili kuona kama ina tundu. Pete, saa na mkufu huachwa ndani ya nyumba. Spana hufungwa utepe wa umeme mpini wote, ibaki ncha tu.

Kijana wangu alicheka kidogo. "Mwalimu," aliniambia, "mimi nimeshafungua tatu bila glovu, na niko hai."

Nilimjibu: "Mwanangu, wazee wetu walivuka Akagera usiku wakafika, lakini hakuna hata mmoja aliyetuambia mto ule hauna mamba." Alivaa glovu.

Utaratibu wenyewe una hatua ambazo hazirukwi. Gari huzimwa na ufunguo kuwekwa mbali. Waya hasi ya betri ndogo ya volti 12 hufunguliwa. Kisha huchomolewa plagi ya rangi ya chungwa iliyo kwenye betri kubwa, na anayefanya kazi huitia mfukoni mwake, ili mtu mwingine asiirudishe bila habari. Hapo husubiriwa dakika 10, kwa sababu kapasita za inveta bado zimeshika umeme. Ndipo mita huwekwa kwenye nyaya nene zinazotoka katika betri, na isiposoma sifuri kazi haiendelei.

Wengi huishia kuamini kwamba plagi ikitoka hatari imekwisha. Plagi hukata mnyororo vipande viwili tu, na kila kipande bado kina umeme wa kudhuru mpaka vipande vya shaba vinavyounganisha moduli vitolewe. Hivyo vilitolewa kimoja kimoja, kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa nyuma ya mgongo. Hata moduli moja peke yake isidharauliwe: spana ikigusa ncha zake mbili kwa pamoja, shoti hiyo huyeyusha chuma na kuunguza nyama.

Kupima kabla ya kubadilisha

Vipande vya shaba vilipotoka tuliviona vimepata kutu ya kijani. Hilo lenyewe ni ugonjwa. Shaba chafu huzuia mkondo, hupata joto, na huifanya kompyuta isome volti zisizo za kweli. Wapo wanaobadilisha betri nzima kumbe walihitaji siki, msasa laini na nusu siku ya kusugua.

Tuliandika namba 1 hadi 28 juu ya moduli kwa kalamu ya wino mzito, kwa mpangilio zilivyokaa, kisha tukapima volti za kila moja. Nyingi zilisoma kati ya volti 7.6 na 7.8. Namba 15 ilisoma 6.5. Tofauti ya volti 1.2 hivi ina maana moja: seli moja kati ya sita imekufa ndani. Moduli ya namna hiyo haiponi kwa chaja wala kwa dawa.

Hapo ndipo kijana wangu, kama mafundi wengi, angeweka moduli nyingine mahali pa namba 15, afute namba ya hitilafu na kurudisha gari. Na gari lingeondoka likikimbia vizuri. Baada ya mwezi au miwili lingerudi, moduli nyingine ikiwa imekufa, kwa sababu volti pekee hazisemi moduli inahifadhi kiasi gani. Ndoo mbili zinaweza kujaa maji hadi ukingoni, moja ikiwa ya lita 20 na nyingine imejaa mawe. Ukitazama juu tu, zote zimejaa.

Njia ya kujua ujazo wa ndoo ni kuimimina. Tulitumia chaja ya aina inayotumiwa kwa magari na ndege za kuchezea, yenye njia nne, ambayo inaweza kuchaji na kumimina huku ikihesabu. Iliagizwa China kwa faranga 130,000. Huwekwa katika programu ya nikeli, seli 6. Kuiweka katika programu ya lithiamu ni kutafuta balaa. Tulichaji kwa ampea 3, tukamimina kwa ampea 1 hadi volti 6, yaani volti 1 kwa kila seli, na kuandika ni miliampea-saa ngapi zimetoka. Kila moduli ilipita mzunguko huo mara tatu.

Moduli zikichajiwa nje ya sanduku huvimba ubavuni na kuharibika. Kwa hiyo tulizibana kati ya mbao mbili nene zilizofungwa kwa vyuma vyenye nati pande zote, kama zilivyobanwa na sanduku lake. Kazi ilifanyika barazani palipo na hewa, kwa sababu betri ya nikeli ikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, na haidrojeni haitaki cheche. Mkono ukishindwa kukaa juu ya moduli kwa joto, chaja ilizimwa. Karibu yetu palikuwa na ndoo ya maji safi na chupa ya siki: maji kwa ngozi au macho endapo alikali ingevuja, siki kwa kufutia alikali iliyomwagika juu ya meza.

Hii si kazi ya mwenye haraka. Mzunguko mmoja ulichukua karibu saa 7, na chaja ilishika moduli nne kwa wakati mmoja. Bila kusimama ni zaidi ya siku sita usiku na mchana; kwetu, pamoja na umeme kukatika na usiku tuliolala, ilikuwa wiki mbili na nusu. Gareji inayotangaza kukarabati betri kwa saa tatu haijapima uwezo wa kila moduli. Imebadilisha iliyokufa tu.

Katika mzunguko wa kwanza daftari lilionyesha moduli nyingi zikitoa kati ya 2,400 na 3,900. Mzunguko wa tatu ulipoisha, 25 zilikuwa zimepanda na kukaa kati ya 4,200 na 4,900. Hazikuwa zimekufa, zilikuwa zimelala, kwani gari halizitumii kwa ukamilifu na kemikali ndani yake hujikusanya na kuwa nzito. Lakini namba 13 na namba 18 hazikupita 2,300. Pamoja na namba 15, zikawa mbovu tatu kati ya 28.

Tazama namba hizo: 13, 15, 18. Zote ni za katikati. Moduli za pembeni zinapoza joto kirahisi, za katikati zimezungukwa na wenzake. Na hewa ya kupoza sanduku zima hupitia tundu dogo lililo kando ya kiti cha nyuma. Tulipofungua feni yake tulikuta vumbi jekundu limeganda kwenye mapanga pamoja na nyuzi za vitambaa. Feni ilikuwa ikizunguka, lakini hewa haikupita. Chanzo cha gharama yote ile kilikuwa uchafu unaoondolewa kwa brashi.

Kutafuta mbadala

Moduli za kubadilishia hupatikana kutoka betri za magari yaliyopata ajali. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na majirani zetu Uganda, Kenya na Tanzania wanaendesha kushoto, kwa hiyo vipuri vingi vya mbele vya magari yao havitufai. Moduli haijui usukani uko upande gani. Zilizotoka katika Prius ya Kampala au Nairobi ni zilezile.

Nilinunua nne zilizotumika, kila moja faranga 55,000, nikazipitisha katika mizunguko ileile. Muuzaji alisema zote ni nzima. Chaja ilisema tatu zina kati ya 4,300 na 4,700, na ya nne ina 3,100, nayo nikaiweka pembeni. Tatu zile zililingana na zetu. Moduli mpya kabisa isingefaa kuwekwa katikati ya zilizozeeka, kama vile betri mpya za redio zisivyofaa kuchanganywa na za zamani.

Kisha tuliziacha zote 28 wiki moja bila kuguswa. Moduli inayopoteza volti zake zenyewe ikiwa imekaa ina ugonjwa ambao chaja haiuoni. Hakuna iliyoanguka.

Kurudisha

Kabla ya kufunga, volti zikiwa zimekaribiana, tulizipanga moduli zote zikitazama upande mmoja na kuziunganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa saa 24. Zile za juu zikazigawia za chini hadi zikawa sawa. Kisha zikapangwa upya kwa mfuatano, moja ikitazama huku na inayofuata kule, ili chanya ya hii ikutane na hasi ya ile. Moduli moja ikigeuzwa vibaya hapa, itafanya kazi kinyume cha wenzake. Kijana alipanga, mimi nikakagua kwa mita. Kisha mimi nikatoka na yeye akakagua upya.

Zenye uwezo mkubwa tuliziweka katikati kwenye joto, na zenye uwezo mdogo pembeni. Nati za shaba zilikazwa kwa spana yenye kipimo, nyutoni-mita 5.4. Ikilegea, muungano utapata joto na kuyeyuka. Ikikazwa kwa nguvu ya kwapa, ncha ya moduli itakatika. Mwisho ikarudi plagi ya rangi ya chungwa, kisha betri ndogo.

Gharama yote ilifika faranga 420,000: chaja 130,000, moduli 220,000, glovu na vitu vidogo 70,000. Chaja na glovu bado zipo, na kijana anazitumia katika kazi yake.

Katika miezi 14 iliyofuata gari lilitembea kilomita 17,000 na pembetatu haikuwaka. Petroli ilirudi karibu na lita 5 kwa kilomita 100. Makundi 14 yakisomwa kwa programu ya simu mlimani, yalikuwa yakienda kwa pamoja.

Mipaka ya ukarabati

Nisiwadanganye wasomaji. Moduli 25 zilizobaki ni za mwaka 2008. Ukarabati huongeza miaka, hauifanyi betri kuwa mpya. Daftari langu lilionyesha hakuna hata moja iliyofika 5,000, ilhali zilizaliwa na 6,500. Zitachoka. Ila zitachoka kwa pamoja, na siku hiyo itakuwa haki kusema betri imekufa.

Pia ieleweke kwamba niliyoyaeleza ni ya betri za nikeli. Haibridi za Hyundai na Kia, ambazo ni nyingi Kigali siku hizi, zina betri za lithiamu. Seli ya lithiamu ikichajiwa vibaya au ikitobolewa inaweza kuwaka moto usiozimika kirahisi. Hiyo si kazi ya barazani. Mwenye gari la aina hiyo amtafute fundi mwenye vifaa na mafunzo yake.

Na zile moduli mbovu zisitupwe shambani wala kuuzwa kwa wanaonunua vyuma chakavu mitaani. Zina nikeli na madini mengine yenye thamani, na alikali yake huharibu udongo. Wilayani Bugesera kuna kiwanda cha kushughulikia taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na huko ndiko zinakostahili kuelekezwa.

Kwa anayenunua, na kwa anayefundisha

Kwa msomaji anayetaka kununua haibridi iliyotumika, ushauri wangu ni mfupi. Usitosheke na dashibodi isiyo na taa. Namba ya hitilafu hufutwa kwa dakika moja, na itarudi baada ya siku kadhaa wewe ukiwa umeshalipa. Chomeka kifaa cha kusomea, panda mlima, usome makundi yote ya betri gari likivuta. Moja likiachwa nyuma na mengine kwa volti 1 au zaidi, ondoka, au upunguziwe bei ya betri. Na aliye nalo tayari asafishe feni ya betri kila mwaka, hasa baada ya kiangazi. Abiria wasizibe tundu lile kwa mizigo.

Kwa anayeletewa betri "iliyokarabatiwa", lipo swali moja la kuuliza: nionyeshe karatasi ya vipimo. Moduli 28, namba 28. Fundi aliyepima anazo, kwa sababu bila hizo hata yeye hawezi kujua ipi aiweke wapi. Asiyekuwa nazo anauza bahati nasibu.

Nawageukia pia wanaosimamia vyuo vya ufundi. Magari haya yataendelea kuharibika yakiwa mikononi mwetu, maana huko yalikotoka hayarudi. Vijana wetu wanayafungua kila siku chini ya miembe na kando ya barabara, wengine kwa mikono mitupu. Glovu mbili, mita na chaja ya njia nne havigharimu hata nusu ya betri moja iliyokarabatiwa. Kila karakana inayofundisha magari inaweza kuwa navyo, na kila mwanafunzi akaondoka akiwa amepima moduli 28 kwa mkono wake na kuandika matokeo. Fundi wa namna hiyo hatamwambia mama mwenye mkopo kwamba betri yake imekufa kabla hajaipima. Na yeye mwenyewe atarudi nyumbani jioni akiwa mzima.